Ngozi, Jua na Cheo: Safari ya Bangkok, Isan na Chanthaburi

Nchini Thailand rangi ya ngozi huchukuliwa kuwa habari ya mahali mtu anakoshinda mchana kutwa, kivulini au juani, na kutokana na habari hiyo watu hukisia kazi yake, kisomo chake, jimbo alikozaliwa na heshima anayostahili kupewa. Safari inayosimuliwa hapa iliifuata dhana hiyo katika sehemu tatu: jiji la Bangkok, ambako weupe huuzwa madukani, uwanda wa Isan ulioko kaskazini-mashariki, ambako wakulima hushinda majarubani, na mji wa Chanthaburi ulioko kusini-mashariki karibu na mpaka wa Kamboja, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika hupeleka vito. Kilichojitokeza njia nzima ni kwamba ubaguzi huu ulizaliwa kama ubaguzi wa cheo, yaani wa wenye kulimiwa dhidi ya wenye kulima, lakini ndani ya karne moja na nusu iliyopita cheo kimefungamanishwa na jimbo na kabila kiasi kwamba mtoto wa mkulima huzaliwa akiwa ameshahukumiwa.

Kwa wauza nguo wengi wa Afrika Mashariki, Bangkok ni Pratunam, soko la nguo za jumla lililo karibu na makutano makubwa ya Ratchaprasong, ambamo marobota ya magauni hufungwa kwenye vichochoro na kukabidhiwa mawakala wa mizigo, na ambamo si ajabu kusikia Kiswahili kikitumika kupigia hesabu. Hatua chache kutoka sokoni yapo maduka madogo yasiyofungwa usiku wala mchana, ambayo yameenea katika kila mtaa wa jiji, na karibu na mahali pa kulipia hutundikwa vipakiti vya krimu vyenye kifuniko cha kuzungusha, kila kimoja kikiwa na kiasi cha kumtosha mtu siku chache, ili kibarua aweze kukinunua bila kugusa fedha za nauli. Msafiri aliyeingia katika mojawapo ya maduka hayo kutafuta mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi, yasiyoahidi kuing'arisha, alilazimika kuinama hadi rafu ya chini kabisa, kwa sababu rafu zote zilizokuwa usawa wa macho zilishikwa na chupa, sabuni na hata dawa za kwapa zilizoahidi weupe, nyingi zikiwa na picha ya uso uleule uliopigwa mara mbili, mara ya kwanza ukiwa na rangi ya udongo na mara ya pili ukiwa na rangi ya maziwa.

Kithai kina msamiati mpana wa rangi za ngozi, na msamiati huo unafanana na ule wa pwani ya Afrika Mashariki kwa kuwa nao huwapanga watu katika ngazi badala ya kuwagawa katika makundi mawili. Mtu mweupe huitwa khao, na weupe wenyewe una aina zake, ukiwamo khao muai, yaani weupe wa binti wa Kichina. Mtu wa maji ya kunde huitwa song si. Na mweusi huitwa dam, ambalo pia ni jina la utani la kawaida ambalo wazazi humpa mtoto wao kwa mapenzi kabisa, kama mwingine anavyoitwa Daeng kwa wekundu wake au Uan kwa unene wake. Kutaja rangi ya mtu mbele yake hakuhesabiwi kuwa utovu wa adabu, kwa hiyo shangazi anaweza kumpokea mpwa wake kwa kumwambia kwamba jua limemwivisha, kisha wote wawili wakaendelea kula bila kinyongo. Maumivu huanza pale maneno hayo ya nyumbani yanapohamia katika mambo yanayoamua riziki, kwa mfano katika uchumba, au katika maombi ya kazi, ambayo kwa kawaida hutakiwa kuambatanishwa na picha, hivyo kwamba anayetafuta mtu wa mapokezi hotelini huiona ngozi ya mwombaji kabla hajasoma vyeti vyake.

Matangazo ya biashara husema waziwazi kile ambacho jamaa hukisema kwa mzaha. Mnamo Januari 2016 kampuni iitwayo Seoul Secret ilitoa tangazo la vidonge vya kung'arisha ngozi, ambamo mwigizaji Cris Horwang anaonekana akigeuka kuwa mweusi pembeni mwa msichana mdogo aliye mweupe, huku akieleza kwamba asipojitunza atapoteza yote aliyoyajenga, na ujumbe wa tangazo ulikuwa kwamba mwenye weupe hushinda kwa weupe wake tu. Hasira ya umma ilikuwa kubwa, nyingi ikitoka kwa Wathai wenyewe, na kampuni ikaliondoa na kuomba radhi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2013, Dunkin' Donuts ilikuwa imetangaza donati yake ya rangi ya mkaa kwa picha ya mwanamke aliyepakwa weusi, ikalaumiwa na shirika la Human Rights Watch, na makao makuu ya Marekani yakaomba radhi. Dawa ya meno inayoitwa Darlie, ambayo hupatikana katika maduka mengi ya Thailand, ilikuwa na jina la Kiingereza lenye kuwadhihaki watu weusi hadi lilipobadilishwa mwaka 1989, ingawa jina lake la Kichina, lenye maana ya dawa ya meno ya mtu mweusi, lilidumu zaidi ya miaka 30 baada ya hapo.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa kwa urefu madhara ya bidhaa hizi, kwa kuwa mkorogo umeshaacha alama zake Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa, na Rwanda iliendesha msako wa nchi nzima dhidi ya vipodozi vya kujichubua kuanzia mwishoni mwa 2018. Thailand nayo imepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi, lakini krimu zisizo na usajili huendelea kuuzwa mabarazani na mitandaoni, na zebaki huharibu figo za anayejipaka bila kujali kama amejipaka Bangkok au Bujumbura. Zipo pia sindano za glutathioni, kemikali ambayo mwili hujitengenezea wenyewe na ambayo hupigwa mishipani kwa ahadi ya kuifanya ngozi ing'ae, ilhali sayansi haijaithibitisha ahadi hiyo. Inatia uchungu kuona kwamba bidhaa hatari zaidi ndizo za bei ya chini zaidi, na kwamba hununuliwa na wale ambao kazi yao itawarudisha juani kesho yake asubuhi.

Wageni wengi huhitimisha haraka kwamba Wathai wanataka kufanana na Wazungu, na hitimisho hilo halilingani na historia. Simon de La Loubère, mjumbe wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyefika Ayutthaya, mji mkuu wa wakati huo, mwaka 1687, aliwaeleza wenyeji kuwa watu wa rangi ya kahawia yenye wekundu, na akalihesabu jua kuwa sababu ya rangi hiyo sambamba na kuzaliwa. Aliandika pia kuhusu meno yao, ambayo waliyatia weusi kwa makusudi. Meno meusi, yaliyopatikana kwa kutafuna tambuu na kwa dawa maalumu, yalikuwa uzuri kwa karne nyingi, na yalitoweka katika karne ya 20 tu, hasa baada ya serikali ya Phibun Songkhram, mwanzoni mwa miaka ya 1940, kupiga vita tambuu na kuwaamuru raia wavae kofia na viatu kama watu wa mataifa yaliyoendelea. Mwili wa Mthai, kwa hiyo, umekwisha kubadilishiwa kipimo cha uzuri kwa amri ya wakubwa, na jambo hilo linafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba kupenda weupe ni tabia ya kuzaliwa nayo.

Mzizi wa mambo uko katika mfumo ulioitwa sakdina, ambao kumbukumbu za sheria huuhusisha na utawala wa Mfalme Trailok wa Ayutthaya, aliyetawala kuanzia 1448 hadi 1488. Chini ya mfumo huo kila mtu alipewa hesabu ya rai, kipimo cha ardhi chenye mita za mraba 1,600, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa cheo chake: mtumwa alihesabiwa rai 5, mtu huru wa kawaida aliyeitwa phrai alihesabiwa hadi rai 25, ukabaila ulianzia rai 400, na mawaziri wakubwa walifikia rai 10,000. Phrai alikuwa na wajibu wa kumfanyia bwana wake au mfalme kazi ya sulubu kwa miezi kadhaa kila mwaka, akichimba mifereji, akijenga kuta na kubeba mizigo, wakati mwenye cheo alikaa ndani au alitembea chini ya mwavuli, ambao idadi ya ngazi zake nayo ilipimwa kwa cheo. Utumwa ulifutwa polepole na Mfalme Chulalongkorn, kuanzia sheria ya 1874 hadi ile ya 1905, na utawala wa mfalme asiye na mipaka ukakoma mwaka 1932. Lakini hesabu iliyokuwa ikiandikwa vitabuni iliendelea kusomwa usoni, kwa kuwa aliyefanya kazi juani na aliyetumikiwa kivulini waliendelea kuonekana tofauti.

Michoro ya kuta za mahekalu ya Bangkok yenyewe inaonyesha mpangilio huo kwa anayeitazama kwa makini, kwa sababu wafalme na binti zao huchorwa wakiwa na nyuso nyororo za rangi ya krimu au dhahabu, na watu wa kawaida, wanaopika, kubishana na kubeba mizigo pembezoni mwa picha, hupewa rangi za kahawia za kila aina. Hata hivyo rangi za michoro hazitii kanuni moja: katika ukumbi unaolizunguka hekalu la Wat Phra Kaew, ambako kisa cha Ramakien kimechorwa katika vipande 178, shujaa Phra Ram ni wa kijani, na mpinzani wake Thotsakan ni wa kijani pia. Tamthilia ya Sang Thong, iliyotungwa upya na Mfalme Rama wa Pili, aliyetawala kuanzia 1809 hadi 1824, inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa shujaa wake, mwana wa mfalme mwenye mwili wa dhahabu, huvaa ngozi nyeusi ya Ngo, yaani mtu wa msituni mwenye nywele za kipilipili, na dada wote sita wa binti mfalme humcheka mpaka yule wa saba, Rotchana, anapomtupia shada la maua, na baba yake anawafukuza wote wawili wakaishi kibandani. Watoto wa Kithai hukua na hadithi hii, na wanayojifunza ni mambo mawili kwa pamoja: kwamba ni kosa kumdharau mtu kwa ngozi yake, na kwamba ndani ya ngozi nyeusi lazima iwepo dhahabu ndipo mwenye ngozi hiyo astahili kupendwa. Watu halisi waliotumika kama mfano wa Ngo, Wamani wa misitu ya Trang, Satun na Phatthalung, hawakuwa na dhahabu ya kujivua. Mwaka 1906 Chulalongkorn aliandika tamthilia ya mapenzi kuwahusu, na mtoto wao mmoja yatima, Khanang, alichukuliwa akalelewa katika jumba la kifalme, akipendwa na kuonyeshwa kama kitu adimu.

Mwanahistoria Thongchai Winichakul amefafanua namna ambavyo watawala wa wakati huo wa Siam, jina la zamani la Thailand, waliobanwa na Waingereza upande wa Burma na Wafaransa upande wa Indochina, walitafuta kile walichokiita siwilai, yaani ustaarabu, na katika kuutafuta waliwapanga raia wao wenyewe katika mafungu, wakiwatenga chao pa, watu wa msituni, na chao ban nok, watu wa vijijini. Msomaji wa pwani atautambua mpango huu bila shida, kwa kuwa nasi tulikuwa na waungwana na washenzi, na kwetu pia uungwana ulipimwa kwa nyumba ya mawe, mavazi na kutoshika jembe. Fungu jingine lililobadilisha maana ya weupe lilikuwa la Wachina, hasa Wateochew waliohamia kutoka kusini mwa China kwa wingi katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mfalme Rama wa Sita aliwashambulia kwa maandishi mwaka 1914, na kwa miongo mingi waliitwa majina ya dharau; lakini kwa kuwa walikuwa wenye maduka, viwanda na benki, wakawa tabaka la kati la Bangkok, na kadiri nyuso zao zilivyojaa kwenye televisheni, ndivyo weupe wao wa dukani ulivyogeuka kuwa uso wa mafanikio ya nchi nzima. Filamu na muziki wa Korea Kusini vimeongezea juu ya msingi ambao ulikuwa umekwisha kujengwa.

Treni ya kaskazini-mashariki huondoka Bangkok, ikapita Ayutthaya, ikapanda milima hadi Nakhon Ratchasima, ambako reli ilifika mwaka 1900, kisha njia hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Nong Khai kwenye mto Mekong na mwingine ukielekea Ubon Ratchathani, kilomita 575 kutoka mji mkuu. Isan ni mikoa 20 yenye takriban theluthi moja ya Wathai wote, na wenyeji wake wengi huzungumza lugha ambayo ni Kilao. Udongo wake ni wa kichanga, mvua zake hazitabiriki, na mpunga hupandwa mara moja kwa mwaka. Kwa sababu hiyo Isan ndiyo inayoipatia Bangkok madereva wa teksi, watumishi wa nyumbani, wajenzi na waendesha pikipiki za abiria wenye vizibao vya rangi ya machungwa. Katika tamthilia za televisheni zinazopendwa na nchi nzima, mtumishi wa nyumba ya tajiri ameonyeshwa mara nyingi kuwa mtu mweusi, mchekeshaji na mwenye lafudhi ya Isan, hivyo kwamba rangi, lahaja na kazi vimefungwa pamoja katika mwili mmoja, na mtazamaji hahitaji kuambiwa yupi ni nani.

Majarubani, msimu wa kupandikiza mpunga, wanawake huinama safu moja wakiwa wamefunikwa kuliko hata walioko barafuni: shati la mikono mirefu juu ya fulana, vifuniko vya mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo, kitambaa kilichozungushwa kichwani na usoni mpaka yakabaki macho tu, na juu yake kofia pana ya ngop iliyosukwa kwa majani ya mnazi mwitu. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba msafiri, aliyesimama juu ya tuta bila kufanya kazi yoyote, alitota jasho. Mwanamke mmoja wa makamo alipopanda tutani kunywa maji alifungua kitambaa chake, na uso ukaonekana wa maji ya kunde laini, ilhali viganja vyake vilivyokuwa vikishika miche tangu alfajiri vilikuwa vyeusi na vimepasuka kwenye vifundo. Alimweleza mkalimani, ambaye alimwita kwa heshima pa, yaani shangazi mkubwa, kwamba umri wa kujipamba ulikwisha kumpita, na kwamba alijifunika kwa sababu binti yake alichumbiwa na familia ya Bangkok na asingependa wakwe wamtazame mama wa bibi arusi wakadhani ni mtumishi. Kisha akajifunga upya na kushuka majini.

Dharau ya aina hii imewahi kugharimu maisha. Mwaka 1901 na 1902, serikali ya Bangkok ilipokuwa ikiimarisha kodi na utawala wake Isan, wanakijiji waliwafuata viongozi walioitwa phu mi bun, yaani watu wenye thawabu, ambao walitabiri mwisho wa mambo ya zamani, na uasi wao ulizimwa kwa bunduki katika kijiji cha Saphue, mkoani Ubon, mwezi wa Aprili 1902. Karne moja baadaye, mwaka 2010, waandamanaji wa Mashati Mekundu, wengi wao wakiwa wametoka Isan na kaskazini, waliyakalia makutano ya Ratchaprasong, palepale kando ya Pratunam, mbele ya maduka ya kifahari ambayo watu wa tabaka lao huingia kufagia; wapinzani wao waliwaita nyati, mnyama ambaye kwa Kithai ni tusi la ujinga, na wao wakaamua kujiita phrai kwa fahari, wakiliandika neno hilo la sakdina kwenye fulana zao na kuwaita watawala ammat, yaani makabaila. Zaidi ya watu 90 waliuawa katika ghasia za miezi ile, zilizomalizika kwa jeshi kuingia tarehe 19 Mei. Katika maneno ya siku zile rangi haikuwa mada rasmi, lakini ilikuwemo ndani ya kila neno, kwa kuwa nyati ni mnyama mweusi wa matope ya jarubani, na aliyemtamka alijua anamwita nani.

Mwisho wa reli, katika wilaya ya Warin Chamrap, ambako kituo cha Ubon kipo, iko nyumba ya watawa wa msituni ya Wat Nong Pa Phong, iliyoanzishwa mwaka 1954 na mtawa Ajahn Chah, aliyezaliwa mwaka 1918 katika familia ya wakulima ya mkoa huohuo. Watawa wa hapo huamka usiku wa manane, hutembea pekupeku vijijini kupokea chakula, hupaka rangi mavazi yao kwa maji ya kiini cha mfenesi, na ngozi zao ni ngozi za watu wa Isan ambazo jua halikuzionea haya. Matajiri wa Bangkok husafiri usiku kucha kuja kupiga magoti mbele yao, vipaji vya nyuso zao vikigusa sakafu, na Ajahn Chah alipochomwa maiti yake mwezi wa Januari 1993, mamia ya maelfu ya watu walihudhuria, mfalme na malkia wakiwemo. Hakuna mahali pengine katika safari hii ambapo mwana wa mkulima mweusi alionekana akiinamiwa na watu weupe wenye magari bila mtu yeyote kuliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Mafundisho ya Kibudha yanatumiwa na pande zote mbili. Wengi huamini kwamba uzuri wa mwili, ukiwamo wa rangi, ni tunda la matendo ya maisha yaliyotangulia, na imani hiyo ina tegemeo katika maandiko, kwa kuwa ipo hotuba ya Buddha inayosema kuwa mwenye hasira huzaliwa tena akiwa na sura mbaya, na ngozi ya dhahabu ni mojawapo ya alama 32 za mtu mkuu. Lakini katika maandiko yaleyale ipo hotuba iitwayo Agganya, ambayo ndani yake Buddha anakanusha madai ya makuhani wa Kibrahmani kwamba wao ni weupe na wengine ni weusi, akaeleza kuwa mtu hupimwa kwa matendo yake. Na anaposimulia asili ya dunia, anasema kwamba viumbe wa kwanza walipoanza kujivunia rangi zao nzuri na kuwadharau wenye rangi mbaya, chakula kitamu walichokuwa wakikila kilitoweka juu ya nchi kwa sababu ya majivuno yao. Kwa dini iliyobeba hadithi kama hiyo kutumiwa kuhalalisha majivuno yaleyale ni upotoshaji mkubwa, na watawa wanaolisema hilo kwa sauti wanastahili kusikilizwa kuliko wauza sabuni.

Zipo dalili kwamba sauti nyingine zinapata nafasi. Nonthawan Thongleng, aliyeshinda taji la Miss Thailand World mwaka 2014 akiwa na ngozi ambayo waandaaji wa mashindano kwa kawaida hawakuipenda, alitumia ushindi wake kuwatia moyo wasichana wenye ngozi kama yake, na Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink aliyezaliwa Buriram, amewafanya vijana wa Isan watamke jina la mkoa wao bila kuona haya, ingawa weupe wa picha zake umeacha swali la ngozi mahali palepale lilipokuwa.

Chanthaburi, ambako safari iliishia, ni mji wa madorian, kanisa kuu la Kikatoliki lililojengwa na wakimbizi wa Kivietinamu, na soko la vito la barabara ya Si Chan, ambalo huchangamka mwishoni mwa wiki. Yakuti na rubi za eneo hilo zimepungua tangu zamani, na leo mawe mengi hutoka Afrika: Wathai walifika Tunduru na Songea katikati ya miaka ya 1990, wakafika Ilakaka, Madagaska, mwaka 1998, na tangu rubi zilipogunduliwa Montepuez, ng'ambo ya mto Ruvuma, mwaka 2009, mawe ya Msumbiji yamejaa mezani. Hapo mnunuzi hukodi meza na kukaa, na muuzaji huzunguka akiwa na vipakiti vya karatasi nyeupe, hukifungua kimoja, mnunuzi huyaelekeza mawe kwenye mwanga, hutaja bei kwa kuandika kwenye kikokotoo, na muuzaji hutikisa kichwa au hufunga karatasi yake. Waafrika, wengi wao wakitoka Guinea, Mali na nchi nyingine za magharibi, huzunguka miongoni mwa Wathai na Wahindi, na kwa muda wote ambao karatasi iko wazi mezani, kinachopimwa ni rangi ya jiwe peke yake.

Nje ya soko mambo ni mengine. Mwafrika mweusi huitwa khon phio si, mtu wa ngozi yenye rangi, au kwa lugha ya mtaani phio muek, mwenye ngozi ya wino, na mwaka 2018 msako wa polisi uliolenga wageni wakorofi ulilalamikiwa kwa sababu ulionekana kuwaandama watu weusi katika mitaa kama Nana, jijini Bangkok, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika hulala. Wathai walioulizwa mara nyingi walijibu kwamba nchi yao haina ubaguzi wa rangi kama wa Marekani, na kwa upande mmoja walisema kweli, kwa kuwa hakukuwahi kuwa na sheria ya kuwatenga watu kwa rangi zao. Lakini mwenye kuona weusi wa jirani yake kuwa ushahidi wa uduni hawezi kuuona weusi wa mgeni kwa jicho jingine, na Mwafrika anayesimamishwa Nana aonyeshe pasipoti analipia deni lililoanzia kwa mkulima wa Isan.

Vyumba vya kukatia vito viko katika barabara za nyuma, na humo wamo vijana waliotoka Isan, walioinamia magurudumu yanayozunguka chini ya taa, wakinoa mawe ambayo yalichimbwa kwa sururu na wachimbaji wadogo wa Ruvuma na Cabo Delgado. Hulipwa kwa kipande, macho yao huchoka mapema, na vumbi la kunolea huwaingia mapafuni. Hata hivyo, kwa kuwa hushinda ndani, ngozi zao hufifia, na wanaporudi kijijini mwezi wa Aprili kwa sikukuu ya Songkran, mama zao huwapokea kwa furaha wakisema wamekuwa weupe, na majirani huhesabu kwamba maisha yao ya mjini yamenyooka.